Mtangazaji Aliyejua Kunyamaza

Usiku mmoja wa Septemba 1978, John Peel, mtangazaji wa redio ya BBC, alipiga wimbo wa vijana wa Derry, Ireland ya Kaskazini, waliojiita The Undertones. Wimbo huo, Teenage Kicks, haufiki dakika mbili na nusu. Ulipokwisha, akaupiga tena palepale. Mtangazaji mwingine angeujazia sifa. Yeye aliurudia tu, na kila aliyekuwa karibu na redio akaelewa.

Jina lake halisi lilikuwa John Ravenscroft, mzaliwa wa 1939 wa Heswall, karibu na Liverpool. Kazi ya redio aliianzia Marekani, huko Dallas, na mwaka 1967 akawa anatangaza usiku wa manane kutoka Radio London, kituo cha maharamia, yaani kisicho na leseni, kilichokuwa ndani ya meli, nje ya pwani ya Uingereza. Sheria ilipozipiga marufuku redio za melini Agosti mwaka huo, Radio 1 ya BBC ilikuwa mbioni kufunguliwa. Akaingia humo tangu mwanzo, akakaa mpaka kifo kilipomkuta mwaka 2004.

Watangazaji wengi wa muziki wa roki wa zama zake walikuwa na sauti ya mnadani. Walijua kuongea juu ya gitaa la mwanzo wa wimbo na kukata neno la mwisho nukta moja kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Huo nao ni ufundi, siubezi. Ukikosea kidogo tu umemkanyaga mwimbaji. Peel alichagua njia ngumu zaidi. Aliongea chini kwa chini, bila papara, kama mtu aliyeketi jikoni kwako akisubiri maji yachemke. Mara nyingi aliuacha wimbo uishe kwanza, ndipo akataja bendi na lebo iliyotoa santuri, hata kama lebo yenyewe ni vijana wawili na chumba cha kulala.

Na alikosea! Aliwahi kupiga santuri ya mizunguko 45 kwa dakika kwa mwendo wa 33, gitaa likavuta miguu na mwimbaji akanguruma kama mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini muziki aliokuwa akiupiga ulikuwa mgeni kiasi kwamba msikilizaji asingeweza kuapa kama hayo ni makosa au ndivyo wanavyoimba. Peel aliomba radhi, akacheka kidogo, akaianza upya. Naamini utani huo wa kujicheka ndio uliomjengea imani: anayekiri amekosea mwendo wa santuri, ukimsikia anasema bendi fulani ni nzuri, unamwamini.

Hazina yake kubwa, hata hivyo, ilizaliwa na uhaba. Kwa miaka mingi BBC ilibanwa na makubaliano na makampuni ya santuri na chama cha wanamuziki: saa za kupiga santuri kwa siku zilihesabiwa. Saa zilizobaki zilihitaji wanamuziki wa kupiga wenyewe. Kwa hiyo bendi iliitwa kwenye studio za Maida Vale, London, ikashusha vyombo, na kwa kawaida ikarekodi nyimbo nne na kuzichanganya siku hiyohiyo. Aliyelelewa na RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi zetu kwenye studio yake yenyewe, hatashangaa kwamba nyimbo zilizorekodiwa haraka namna hiyo zinaweza kuzishinda zile za kwenye santuri. Hakukuwa na muda wa kuzipaka poda.

Kwa Peel zilifika zaidi ya rekodi 4,000 za namna hiyo. David Bowie alipita hapo, na Bob Marley, na Nirvana. The Fall, bendi aliyoipenda kuliko zote, ilirudi mara 24. Cha ajabu ni kwamba siku ya kurekodi mwenyewe mara nyingi hakuwepo. Aliwaachia maprodyuza na mafundi mitambo, naye akaja kuzisikia kama sisi.

Sikio lake halikuishia Ulaya. Bhundu Boys wa Zimbabwe walipofika Uingereza, aliwapigia debe kwa moyo wote. Na alipotimiza miaka 50, mwaka 1989, Four Brothers, Wazimbabwe pia, walitumbuiza kwenye sherehe yake.

Alifariki Oktoba 2004 akiwa Cusco, Peru. Amezikwa Great Finborough, kijijini kwake Suffolk, na juu ya jiwe la kaburi umechongwa mstari wa wimbo ule alioupiga mara mbili. Rekodi za vipindi vyake bado zinapatikana. Ukizipata, usiruke mbele kutafuta nyimbo. Sikiliza na pale anapokohoa, anapotafuta karatasi, na anapokaa kimya.