Sikio la Dereva

Watu wengi hudhani lori huendeshwa kwa macho na mikono. Mikono ina kazi yake, na macho hayapumziki, lakini ukikaa na madereva wa masafa marefu utawasikia wakizungumzia zaidi walichokisikia kuliko walichokiona. Injini iliyoelemewa hubadili sauti kabla mshale wa geji haujashuka. Tairi la ndani, lile lililobanwa na mwenzake kwenye ekseli ya nyuma, likianza kuishiwa upepo halionekani kwenye kioo cha pembeni. Hupiga mdundo mzito wa peke yake, na dereva mzoefu hupunguza mwendo huku bado anaendelea na stori. Mpira wa breki ukitoboka hutoa mluzi mwembamba ambao utingo hausikii, lakini suka, yaani dereva mwenyewe, anausikia. Na yale malori ya zamani, gia zake hazikukubali kuingia mpaka mwendo wa injini ulingane na mwendo wa magurudumu. Hapakuwa na taa ya kukuambia kwamba sasa zimelingana. Ulisikia, basi.

Ndiyo maana nina ugomvi na walimu wa udereva wanaofoka. Kutukanwa kunauma, ila hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kelele zao hukaa mahali pale pale ambapo sauti ya lori ilipaswa kukaa.

Anayetaka kuuona ufundi huu ulivyo aje Singida. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma inaingia mkoani kwetu pale Kintinku, chini kabisa kwenye Bonde la Ufa, kisha inapanda kwenda Manyoni. Hapo lori lililoshiba hupumua kama mgonjwa, na foleni hujipanga nyuma yake. Kuanzia Manyoni ni Ikungi, kisha Singida mjini na majabali yake, kisha Misigiri, halafu ardhi inakatika. Huo ndio mlima Sekenke. Chini yake kuna Shelui na mbuga ya Wembere, na mbele yake Igunga, Nzega, na njia panda za kwenda Mwanza, Rwanda kupitia Rusumo, Burundi kupitia Kabanga, na Kongo. Mafuta, saruji, mbolea na makontena hupita hapa mchana na usiku. Kwa kurudi, wengi hutafuta mzigo wa njiani, vitunguu au alizeti, ili gari lisitembee tupu.

Kutembea tupu nako kuna somo lake, hasa kwetu. Singida ina upepo, tena si wa kubembeleza. Tela refu lisilo na mzigo, lenye ubavu mpana wa turubai, hupokea upepo huo kama tanga la jahazi. Dereva aliyezoea mzigo huona ajabu kwamba lori jepesi linamsumbua kuliko lori zito. Mwalimu mzuri husema habari hizi mapema, gari likiwa limesimama. Mwalimu mbaya husubiri upepo uje, tela liyumbe, ndipo apige kelele.

Lakini mtihani wenyewe ni Sekenke. Mlima huu una umaarufu wa zamani. Dhahabu ya Sekenke ndiyo Wajerumani waliyoitumia kutengenezea sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, wakati vita imewabana na fedha imewaishia. Siku hizi kinachotajwa ni kona na ajali. Kwa dereva, mlima hauna siri nyingi. Lori la ekseli saba linaruhusiwa uzito wa hadi tani 56, mzigo na gari pamoja. Uzito huo ukianza kuteremka, kila unapokanyaga breki unageuza mwendo kuwa joto, na joto hilo linakwenda kwenye dramu za magurudumu. Dramu ikipata moto inatanuka, viatu vya breki vinaifuata kwa mbali, msuguano unapungua. Unakanyaga, gari halisikii. Kwanza harufu, halafu moshi, halafu kimya cha ndani ya kichwa ambacho waliopona wanakijua.

Kwa hiyo kazi ya kuteremka hufanywa juu, kabla ya kuteremka. Unachagua gia ukiwa bado tambarare, ile ambayo ungeipandia au iliyo ndogo zaidi, unaiacha injini na breki ya ekzosi vishike uzito, na breki ya mguu unaikanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha unaiachia ipoe. Hulalii juu yake. Ukichelewa ukataka kupunguza gia katikati ya mteremko, unaweza kuikosa iliyopo na ile unayoitaka, ukabaki nyutro na tani zako zote. Hapo mlima ndio unaoendesha.

Sasa mweke kijana kwenye usukani huo, kulia. Kushoto kwake kakaa mwalimu. Wanakaribia ukingo. Kijana anasikiliza injini, mguu uko tayari juu ya klachi, anataka kushusha gia. Mwalimu anapasuka: “Gia! Gia! We ng’ombe, husikii gari linalia?” Kijana kweli hasikii tena. Alikuwa anasikia, sasa anasikia ng’ombe. Anakanyaga klachi kwa hofu, anasukuma gia bila kungoja mwendo, gia inasaga meno, inakataa, na mwalimu anapata sababu ya tusi la pili. Nimewahi kukaa kiti cha nyuma, pale kwenye kitanda cha dereva, nikaona jicho la mwanafunzi linavyoacha barabara na kwenda kwenye mkono wa mwalimu, kuangalia kama unainuka.

Watetezi wa ukali wana hoja, na nisiwanyime. Husema barabara haina huruma. Afadhali mtu alie darasani kuliko ndugu zake walie msibani. Husema pia kwamba wao wenyewe walifundishwa hivyo na wako hai. Hii ya pili siikubali kabisa, maana wasio hai hawapo kuja kutoa maoni yao.

Ukali huu una asili. Nadhani kwa sehemu ulitoka jeshini. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza waliwafundisha udereva maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki ili wabebe risasi na chakula, na kufundisha kwao kulikuwa kwa amri na gwaride. Waliporudi uraiani walirudi na kazi hiyo na sauti hiyo. Wakapata mautingo. Na utingo, kwa miaka mingi, ndiyo ilikuwa shule yenyewe: kijana anapanda nyuma ya lori, anapakia, anafunga turubai, anaosha vioo, anaweka kabari nyuma ya tairi gari likikwama mlimani, anachemsha chai. Baada ya muda asioujua yeye mwenyewe, suka akichoka au akifurahi, humwambia, “Haya dogo, kamata.” Hakulipa ada. Alilipa kwa konzi. Shukrani zake kwa suka ni za mtoto kwa baba, na ndiyo sababu ni vigumu kwake kukiri kwamba baadhi ya konzi zile hazikumfundisha chochote.

Shule rasmi zilikuja kubadili hilo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianza Mabibo, Dar es Salaam, mwaka 1975, wakati usafirishaji ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma na serikali ilihitaji watu waliosomea kazi hiyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo imefika mikoani. Mtu anayetaka daraja E, la magari makubwa, hapaswi tena kutegemea furaha ya suka. Anasoma alama, anasoma uzito wa ekseli, anajua kwa nini mizani ya Njuki, mkoani kwetu, inaweza kumsimamisha hata kama jumla yake iko sawa, kwa sababu mzigo umeegemea nyuma. Ila mwalimu anayemkalia kushoto mara nyingi ni utingo wa zamani. Mtaala umebadilika, mdomo umebaki.

Kuna kisa cha mbali ambacho kila mwalimu wa udereva angepaswa kukijua. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye ukungu. Walikufa watu 583. Ndege ya KLM ilianza kuruka wakati ile ya Pan Am ilikuwa bado njiani mbele yake. Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake. Mhandisi wa ndege aliyekaa nyuma yake alisikia kitu kwenye redio kikamtia shaka, akauliza kama wale wa Pan Am wameshatoka. Nahodha akajibu kwa uhakika kwamba wameshatoka. Mhandisi hakurudia. Nahodha hakuhitaji kufoka. Cheo chake kilitosha. Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina yake, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo namna ya kumhoji mkubwa, na kuwafundisha wakubwa kusikiliza.

Sasa ongeza tusi juu ya cheo. Utingo ananusa harufu ya breki kabla ya suka, kwa sababu dirisha lake liko wazi. Atasema? Mwanafunzi ana usingizi, saa tisa usiku, baada ya Manyoni. Atasema? Aliyezoea kutukanwa kwa kuuliza hujifunza kutouliza, na atakwenda na tabia hiyo hadi siku atakapokuwa peke yake na lori, ambapo wa kumuuliza ni nafsi yake.

Pamoja na hayo, mwalimu mpole kupita kiasi simtaki pia. Nawavulia kofia wale wakali wa aina nyingine, ambao hawana haja ya sauti. Utawaona alfajiri kwenye maegesho, mwalimu ana kipande cha nondo, anamkabidhi mwanafunzi bila salamu ndefu. Mwanafunzi anazunguka gari, anagonga tairi moja moja. Tairi lenye upepo hurudisha nondo kwa mlio mkavu. Lililopungua humeza pigo. Anamaliza, anarudi. “Yapo sawa, mwalimu.” Mwalimu anauliza, “La ndani, kushoto, ekseli ya pili?” Kijana ananyamaza. “Rudi.” Hakuna ng’ombe, hakuna mbuzi. Anarudi, analala chini ya tela na nguo zake safi, anagonga la ndani. Hata likiwa zima, kesho atagonga yote. Mwalimu huyu hasamehe kabari iliyosahauliwa, hasamehe simu mkononi, na haondoki mpaka mshale wa upepo umefika unapotakiwa hata kama mwenye mzigo anapiga simu. Ni mkali kuliko wanaofoka, na mwanafunzi anayajua atakayokasirikia hata kabla hajakasirika.

Kwa aliyepewa mwalimu anayefoka, na hana pesa ya kuhamia shule nyingine, wenye kazi wana mbinu zao na naziona zina akili. Mojawapo ni kuwahi. Kabla ya kuwasha gari, mwanafunzi anasema kwa heshima: “Mwalimu, pale kwenye mteremko nitaingia gia ya ngapi?” Mwalimu akijibu gari likiwa limezimwa, hujibu kama mtu mzima, maana bado hajaogopa. Wengi wanaofoka ni waoga. Wamekaa upande usio na breki, ndani ya gari la mamilioni ya mtu mwingine, mikononi mwa mgeni. Kulijua hilo hakuondoi tusi, ila kunalipunguza uzito.

Nyingine ni kusema kwa sauti kila unachofanya: naangalia kioo, nashusha gia, naachia breki. Mwalimu akisikia kazi inaendelea hupunguza kuingilia, na mwanafunzi hupata sauti yake mwenyewe ya kufuata badala ya ile ya kushoto. Na tusi likizidi, kuna haki ya kuwasha taa, kutafuta pa kuegesha palipo salama, kuzima injini na kusema, “Shikamoo mwalimu, naomba tupumzike dakika tano.” Shikamoo katikati ya ugomvi inasumbua sana, hakuna Mtanzania anayejua kuikataa. Akiinua mkono kupiga, hapo hakuna mbinu tena. Unashuka, unakwenda kwa mkuu wa chuo, na ukirudi unataka mwalimu mwingine.

Siku hizi malori mapya, ya Ulaya na ya China, yanakuja mengi yakiwa na gia otomatiki. Mguu wa kushoto umestaafu. Wazee wanalalamika kwamba vijana hawatajua kuendesha, na kwa sauti ya chini nadhani wanalalamika kwamba wamepokonywa cha kufokea. Wamepata kingine tayari: simu. Lakini otomatiki nyingi, zisipoambiwa vingine, huchagua gia kwa barabara iliyo chini ya gurudumu sasa hivi, wala hazijui kwamba mita mia mbili mbele ardhi inakatika. Ukikaribia Sekenke na mzigo, unaitoa kwenye otomatiki kwa mkono wako, unashusha gia mwenyewe, na unasikiliza.