Vuli si msimu wa majani kupukutika

KILA ifikapo Septemba, kuna tafsiri moja ambayo hunikera. Habari ikitoka Ulaya au Marekani, na ikitaja msimu ule ambao majani ya miti hugeuka manjano na kuanguka, mtangazaji hasiti: anauita ‘vuli’. Nashikilia kwamba anatupotosha.

Kwani vuli ni nini? Ni msimu wa mvua fupi, zile za Oktoba hadi Desemba, tofauti na masika ya Machi hadi Mei. Muulize mkulima wa Kitui au Makueni. Atakwambia kwamba kwao vuli ndiyo ya kutegemewa kuliko masika. Ikibisha hodi, watu wanapanda ndengu, kunde na mahindi, na miti iliyokauka inachipuza. Huko Ulaya, miezi iyo hiyo, miti inapukutisha majani, mchana unafupika na watu wanatafuta makoti. Hata hoja ya kulingana kwa miezi haisimami. Argentina majani hupukutika Machi hadi Mei, wakati sisi tumo katika masika. Je, huko nako tuseme ni vuli?

Mambo huharibika zaidi tunapoingia kwenye siasa. Sheria ya Marekani ya 1845 iliweka uchaguzi wa rais Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Wakati huo wakulima walikuwa wamemaliza kuvuna, na theluji haijafunga barabara. Sasa mwambie mtu wa Makueni kwamba Wamarekani hupiga kura ‘wakati wa vuli’. Atashangaa: watu gani hawa wanaoacha jembe msimu wa kupanda?

Chukua pia mwaka wa 1989. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 9, na kabla ya mwaka kwisha, tawala za kikomunisti za Ulaya Mashariki zilikuwa zimeanguka moja baada ya nyingine. Wanaoyahusisha mabadiliko hayo na msimu wanaona majani yakidondoka mtini. Ukiandika ‘vuli ya mataifa’, unampa msomaji picha ya mvua, na ile ya kuanguka inapotea.

Na fasihi je? Gabriel García Márquez alichapisha mwaka wa 1975 riwaya kuhusu dikteta mkongwe, na jina lake linataja msimu huo wa majani kupukutika. Mfasiri akitumia ‘vuli’, basi amemnyeshea dikteta mvua ya baraka ilhali mwandishi anamwonyesha akinyauka!

Najua watakaosema ati lugha hukua, na neno moja linaweza kubeba maana mbili. Sawa. Lakini vuli si neno lililolala kwenye kamusi likingojea kazi mpya. Lina kazi tayari, tena nzito. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Mitatu kati yake ilikuwa vuli. Mifugo ilikufa, watu wakalala njaa. Mtoto aliyefunzwa kwamba vuli ni majani kuanguka ataelewa nini akisikia redioni kwamba vuli imekosekana?

Dawa ipo, na wala haihitaji kamati. Ukizungumzia hali ya hewa ya ughaibuni, sema ‘msimu wa majani kupukutika’. Ni maneno mengi kidogo, lakini hata asiyewahi kuuona msimu huo ataelewa. Ukizungumzia kiongozi anayeelekea ukingoni, Kiswahili hakijakuacha mikono mitupu: kuna machweo ya utawala wake, na mitaani tunasema yuko lala salama. Vuli tumwachie mkulima. Yeye ndiye anayejua thamani yake.