Kravati ya pembe nane

Huku kwetu Congo, wengi tulijua uzito wa kravati kwa njia ya katazo. Katika miaka ya Authenticité, kuanzia 1972, mwanaume mwenye heshima alivaa abacost, na kravati ikahesabiwa kuwa kitu cha mkoloni. Kuna wazee walioitupa, na kuna walioikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku, mpaka tarehe 24 Aprili 1990, siku Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu kravati tena. (Yeye mwenyewe alisema atabaki na abacost yake.) Kwa hiyo tusimcheke Muingereza anayetunza kravati kuukuu juu ya mapendo ya motokari. Tumuulize kwanza anatunza nini.

Tuchukue MG. Jina linatoka Morris Garages, nyumba ya biashara ya William Morris mjini Oxford. Humo, katika miaka ya 1920, Cecil Kimber alianza kuunda motokari ndogo za mwendo mkali, na kutoka 1929 kiwanda kilikuwa Abingdon, si mbali na hapo. Alama yake ni herufi mbili ndani ya umbo la pembe nane. Mwaka 1930 wenye motokari hizo walianzisha MG Car Club, na Uingereza chama bila kravati ni sawa harusi bila pombe: masomo iko nayo, vikosi vya askari iko nayo. Oxford kwenyewe husimuliwa kwamba mwaka 1880 wapiga makasia wa Exeter College walitoa utepe kwenye kofia zao wakaufunga shingoni.

Ile tunayoisifu ni kravati ya rangi moja ya giza, yenye pembe nane ndogo ndogo zilizofumwa ndani ya kitambaa chenyewe. Kwa mbali hauoni kitu. Mwenye kujua akikaribia, anatambua mwenzake. Kuna nyingine ambamo motokari nzima imechapwa juu ya polyester, kubwa sawa kisahani. Hiyo ni tangazo tu, na mvaaji amegeuka ukuta wa kubandika.

Upana wake unasema miaka: nyembamba mwanzoni mwa miaka ya 1960, pana sana katika 1970. Igeuze pia. Tangu hati ya Jesse Langsdorf wa New York, 1924, kravati nzuri hukatwa mshazari, vipande vitatu, ndiyo maana ikifunguliwa inarudia umbo lake. Lakini haisahau yote, mahali pa fundo panabaki pamechoka. Wafanyabiashara hupenda ile isiyovaliwa. Sisi tunapenda fundo.

Abingdon ilifungwa mwaka 1980, na MGB, iliyotoka zaidi ya 500,000 tangu 1962, ikaishia hapo. Jina liliuzwa na kuuzwa tena, leo ni la SAIC ya China, na pembe nane mpya zinapatikana dukani. Ile ya zamani ilifungwa na mtu fulani, asubuhi fulani. Kwa hiyo tukiiona nyuma ya kioo, imeandikwa mwaka na bei bila jina la aliyeivaa, tunasema kazi imebaki nusu.

Na huku kwetu je? Tuliona kravati ya mzee mmoja, marehemu, ikifunga mfuko wa makala ya kupikia. Ilikuwa ya hariri. Ndani ya nyumba ile hakuna mtu aliyejua aliivaa wapi kabla ya 1972.