Ustaarabu wa Mirihi: Uhakiki wa Mchezo wa Space: 1889

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuigawa fasihi katika tanzu ambazo mipaka yake inafahamika: ushairi, riwaya, tamthilia, hadithi fupi, na fasihi simulizi pamoja na vipera vyake. Upo hata hivyo utungo wa aina nyingine usioingia sawasawa katika mgawanyo huu, nao ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Kila mmoja hujitwalia mhusika na kueleza atendalo mhusika huyo. Mmoja wao, aitwaye mwamuzi, huchora mandhari kwa maneno, huwasemea wahusika wengine wote, na huamua matokeo kwa kufuata kitabu cha kanuni na kwa kurusha dadu. Hadithi yenyewe haimo kitabuni. Hutungwa papo hapo na kufa wachezaji wanapoinuka.

Ni dhahiri kwamba utungo huu uko karibu na ngano kuliko riwaya. Tofauti iliyopo ni hii: hadhira ya ngano huitikia wimbo, hucheka na huhoji, lakini haina uwezo wa kuamua kama Fisi atanaswa au ataponyoka. Katika mchezo huu hadhira ndiyo fanani. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki, kwani anayesoma juu ya dhuluma huitazama tu, ilhali anayecheza huombwa aitende au aikatae kwa kinywa chake mwenyewe.

Makala haya yanahakiki mchezo mmoja, Space: 1889, uliotungwa na Frank Chadwick na kuchapishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Game Designers' Workshop, kampuni ya jimbo la Illinois iliyoanzishwa mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1996. Mchezo haukufa pamoja na kampuni. Katika miaka ya 2010 ulitolewa upya Ujerumani, kwa Kijerumani kwanza na baadaye kwa Kiingereza.

Chimbuko

Chadwick amechota katika hadithi za kisayansi zilizoandikwa Ulaya tangu enzi ya Malkia Victoria hadi ile ya Mfalme Edward na miaka michache iliyofuata. Jules Verne alitoa Cinq semaines en ballon mwaka 1863, H. G. Wells akatoa The War of the Worlds kama kitabu mwaka 1898 na The First Men in the Moon mwaka 1901, naye Arthur Conan Doyle akatoa The Lost World mwaka 1912. Hata mchezo wenyewe kama fani una babu katika kundi hilo, maana Wells ndiye aliyeandika Little Wars mwaka 1913, kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa sanamu sakafuni.

Mirihi ya mchezo huu ina mifereji, na asili ya mifereji hiyo ni suala la lugha. Mwaka 1877 mnajimu Mwitalia Giovanni Schiaparelli aliona mistari katika sayari hiyo akaiita canali, neno ambalo kwa Kitaliano laweza kuwa mkondo wa asili au mfereji uliochimbwa. Kiingereza kikachagua maana ya pili. Palipo na mfereji pana mchimbaji, na Mmarekani Percival Lowell akaandika kitabu mwaka 1895 akidai kwamba Mirihi ina wakazi wenye akili wanaopigana na ukame. Picha za chombo Mariner 4 za mwaka 1965 hazikuonyesha mfereji wowote. Yaani ulimwengu mzima wa kubuni umejengwa juu ya neno moja lililofasiriwa upande mmoja, na walimu wa tafsiri wangeweza kuutumia kama mfano darasani.

Fani

Muundo wa ulimwengu wa mchezo ni rahisi na wa kuvutia. Mwaka 1870 Thomas Edison anabuni mtambo wa kusukuma chombo katika etha, kile kitu kisichoonekana kilichodhaniwa kujaza anga zote, naye anafika Mirihi. Kufikia mwaka 1889 mataifa ya Ulaya yana makoloni Mirihi na Zuhura. Majaribio ya Michelson na Morley ya mwaka 1887 yalikuwa tayari yameshindwa kuonyesha dalili ya etha, lakini mtunzi hakukosea. Amefanya kwa makusudi kile ambacho sayansi ya wakati ule ilikitumaini, kisha akafuata matokeo yake kwa uaminifu. Huu ni ufundi wa kweli. Kwa mfano, Mirihi ina mti ambao mbao zake huelea hewani, na merikebu za wenyeji huundwa kwa mbao hizo. Katika hewa ya Zuhura mbao hizo huharibika upesi, hivyo Wajerumani wenye maputo yao makubwa hupata nafasi ya kuwatangulia Waingereza. Siasa inatokana na maumbile, na maumbile yanatokana na dhana moja.

Kanuni za kumwunda mhusika ndizo zinazohitaji kuchunguzwa zaidi. Kila mhusika hupimwa kwa sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, mvuto, na daraja katika jamii. Kisha hupewa kazi, kama vile afisa wa jeshi, mpelelezi wa nchi ngeni, mbuni wa mitambo, mwandishi wa habari, au hata mwizi. Sifa tano za kwanza ni za mwili na nafsi. Ya sita ni ya tabaka, lakini imeorodheshwa pamoja na nyinginezo na kupimwa kwa tarakimu kama misuli. Riwaya ikitaka kusema kwamba ubwana ni tabia ya kuzaliwa, haina budi kulieleza jambo hilo kwa maneno, na msomaji aweza kulipinga. Mchezo hausemi kitu. Unaandika tu tarakimu katika karatasi ya mchezaji, naye huitumia jioni nzima bila kuihoji. Hapa fani yenyewe imebeba itikadi, na mhakiki anayetafuta maudhui katika hadithi pekee hataiona.

Maudhui

Katika riwaya ya Wells ya mwaka 1898 watu wa Mirihi wanaivamia Uingereza kwa silaha zisizopingika. Mapema kabisa, Wells anamtaka msomaji awakumbuke wenyeji wa Tasmania na yale waliyotendwa na wahamiaji kutoka Ulaya kabla ya kuwahukumu wavamizi. Kiini cha riwaya ni kugeuza upande: Mwingereza anafanywa mwenyeji aliyevamiwa. Chadwick ameugeuza upande huo kwa mara ya pili. Katika Space: 1889 ni Waingereza walio Mirihi, wakitawala eneo la Syrtis Major na kupigana na himaya ya wenyeji, na mchezaji hualikwa kusimama nao. Mapambo ya Wells yamebaki, ila swali lake limeondolewa.

Si haki kudai kwamba mtunzi hakuyaona maovu ya ukoloni. Koloni la Wabelgiji katika eneo la Coprates limechorwa kuwa mahali pa ukatili, na msomaji yeyote ataitambua humo Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, aliyoimiliki tangu mwaka 1885 hadi 1908. Lakini ukatili ukishawekwa kwa Mbelgiji, Mwingereza anabaki msafi. Dhuluma inakuwa tabia mbaya ya mkoloni mmoja badala ya kuwa kanuni ya ukoloni wenyewe. Mti unaoelea ni mali kama pembe za ndovu au mpira. Anayeudhibiti anaidhibiti anga. Hapana mkoloni, mpole au mkali, aliyekwenda mbali namna hiyo asiitake mali hiyo. Mchezo unayo maarifa ya kulisema hili, maana umeueleza uchumi wa Mirihi kwa uangalifu, lakini haulisemi.

Jalada la kitabu linamwahidi mchezaji wakati uliokuwa na ustaarabu zaidi. Huenda ni kejeli. Kama ni kejeli, kanuni zilizomo ndani haziiungi mkono. Neno ustaarabu nalo halina kauli ya upole katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni kujifanya Mwarabu, kufuata mwenendo wa Waarabu. Msemaji wa Kiswahili anayelitumia anabeba ndani yake kumbukumbu ya kwamba ustaarabu huwa ni wa fulani, na kwamba mwingine ndiye anayetakiwa kujigeuza. Kulifasiri jalada hilo kwa Kiswahili ni kuuliza papo hapo: ustaarabu wa nani?

Mwaka 1889 ukitazamwa kutoka ufukweni

Mwaka uliochaguliwa na Chadwick si wa kubuni kwa wasemaji wa Kiswahili. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888. Mwaka huohuo watu wa Mrima waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliyatungia mambo hayo utenzi, Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, unaotajwa kwa mwaka wa 1307 wa Hijra, mwaka ulioanza Agosti 1889. Hivyo basi, kwa mwaka uleule, upo utungo wa Kimarekani unaoburudika na merikebu za kivita zinazokuja kutoka mbali, na upo utungo wa Kiswahili wa mtu aliyeishi pwani ambako merikebu za kweli zilifika.

Tofauti kubwa kati yake ni mahali pa jicho. Verne alianzisha safari ya puto lake Unguja, na katika Kaze, karibu na Tabora ya leo, wenyeji wanalidhani puto hilo kuwa mwezi na wasafiri kuwa wana wa mwezi. Jicho liko juu. Walio chini ni umati usio na majina. Space: 1889 imeurithi mtazamo huu kutoka angani, na ramani zake, picha zake na vita vya merikebu zake vyote vinautegemea. Utenzi wa Hemedi unatazama kutoka nchi kavu, na wanaokufa humo wanajulikana ni nani.

Yawezekana kujibiwa kwamba huu ni mchezo, na kwamba mwamuzi ana hiari ya kuwaweka wachezaji wake upande wa Mirihi. Jibu hili lina nguvu. Utungo ulio wazi haumfungi mtu, na meza moja ya wachezaji wenye fikra yaweza kuupindua mchezo mzima kwa usiku mmoja. Lakini hiari hiyo ni ya wachezaji, wala si sifa ya kitabu. Kitabu huhakikiwa kwa kile inachokirahisisha na kile inachokifanya kigumu, na hapa rahisi ni kuwa afisa.

Michezo mingine ya jamii hii inasaidia kulipima jambo hili. Castle Falkenstein ya Mike Pondsmith, ya mwaka 1994, inatumia karata badala ya dadu, kwa madai kwamba waungwana hawachezi dadu; utabaka umewekwa wazi hata ukachekesha. Forgotten Futures ya Mwingereza Marcus Rowland, iliyoanza mwaka 1993 kwa hadithi za Rudyard Kipling, humpa mchezaji hadithi asilia pamoja na kanuni, hivyo msomaji aweza kumhukumu mwandishi wa zamani kwa maneno yake mwenyewe. Space: 1889 inaipita yote miwili kwa upana wa ubunifu, lakini inapungukiwa na uwazi huo.

Hitimisho

Space: 1889 ni kazi ya mtu mwenye maarifa ya historia na kipaji cha kujenga ulimwengu unaoshikamana. Dosari yake si kuuchora ukoloni, kwani kazi isiyouchora ingekuwa ya uongo zaidi. Dosari yake ni kuukopa uwanja wa Wells na kuliacha swali lake, na kulifanya tabaka kuwa sehemu ya mwili. Kwa wasomi wa Kiswahili mchezo huu una faida mbili. Unaonyesha kwamba uchambuzi wa fani na maudhui unahitaji kupanuliwa ili uzifikie kanuni, kwa kuwa kanuni nazo husema. Pia unatoa chombo. Ufundi uleule wa kuketi mezani na kutunga kwa pamoja unaweza kuwekwa Pangani mwaka 1889, wachezaji wakipewa nafsi za majumbe, mabaharia, wapagazi, watumwa na wanawake wa mji, na mwamuzi akiwa na utenzi wa Hemedi mbele yake badala ya jalada la ustaarabu. Wanafunzi watakaocheza hivyo watalazimika kuamua, kila mmoja kwa nafsi aliyopewa, la kufanya siku merikebu zinapoonekana. Na majumbe na mtumwa hawatakuwa na jibu moja.