Kusoma Maji Kabla ya Kupanda Mkoko

Mkoko hauna mbegu ya kutia mfukoni. Tunda lake huota likiwa bado mtini, likateremsha mche wa kijani, mrefu, uliochongoka, nao huning'inia miezi kadhaa kabla ya kuachana na mama yake. Mpandaji wa Gazi, kusini mwa Mombasa, hadanganywi na urefu. Hutazama shingo. Pale mche unapokutana na tunda, ukanda mwembamba ukishageuka manjano, basi umekomaa na ukiguswa hubanduka wenyewe. Shingo ikiwa bado kijani, huuacha.

Baada ya shingo hukagua mwili. Kitundu kidogo cha mdudu kinatosha kuutupa mche ambao kwa macho ya wengine hauna kasoro. Ulionyauka nao hauingii kikapuni. Kisha huudidimiza topeni, sehemu iliyochongoka chini, kiasi cha theluthi moja, na kukandamiza tope kwa vidole kuuzunguka. Ukikaa juujuu maji yatauchukua, ukizamishwa mno utaoza.

Haya mgeni huyashika asubuhi moja. Kinachochukua miaka ni kujua pa kuuchomeka.

Msitu wa mikoko umepangwa na maji. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja ina kiasi chake cha chumvi, mawimbi na kina inachokistahimili. Mlilana hukaa mbele, ukilikabili wimbi la kwanza. Nyuma yake husimama mkoko wenyewe juu ya mizizi yake iliyopanuka, kisha muia na mkandaa. Mchu, unaovumilia chumvi kuliko wenzake, huonekana hadi kule nyuma karibu na nchi kavu, ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Kinachotenganisha makazi haya ni mwinuko ambao mpita njia hauoni. Bamvua katika pwani ile hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na juu ya uwanda tambarare sentimita chache huamua kama mche utafunikwa na maji kila siku au siku chache tu kwa mwezi.

Kwa hiyo mpandaji mzuri huja mara ya kwanza mikono mitupu, maji yakiwa yamekupwa. Huangalia mashimo ya kaa, maana kaa hula miche michanga. Hufuata mstari wa takataka ulioachwa na maji kujua yalifika wapi. Hutafuta visiki: kisiki cha mlilana ni ushahidi kwamba mlilana uliwahi kupata riziki pale. Halafu hujiuliza miti ile iliondokaje. Ilikatwa, au ilifukiwa na mchanga, au maji yaliacha kuifikia? Mara nyingine jibu ni kutopanda kabisa. Palipozibwa mkondo, jembe la kuuzibua lina faida kuliko vikapu vya miche, kwa sababu maji hufuata mkondo na mbegu hufuata maji. Ukishazibuliwa, msitu hujirudisha wenyewe.

Gazi iliyapata maarifa haya kwa gharama. Miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, na ukingo wa mlilana unaoelekea bahari ukabaki wazi. Mizizi ilipoondoka, mchanga ukapata mwanya wa kutembea na mawimbi yakapata njia, na kuurudisha msitu mahali kama hapo ni kazi ngumu kuliko kote. Upandaji ulianza mwaka 1991, wanakijiji wakishirikiana na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dk. James Kairo. Ilikuwa kazi ya kujaribu aina baada ya aina, mahali baada ya mahali, na kurudi kuangalia ni ipi iliyokubali.

Hasara ya ukataji haiishii kwenye miti: sehemu kubwa ya hazina ya msitu huu haionekani, kwa kuwa iko chini ya miguu. Majani na mizizi iliyokufa huzama kwenye tope lisilo na hewa, huoza polepole mno, na kaboni yake hukaa humo karne kwa karne. Ni kanuni ileile iliyojenga ardhi ya mboji iliyotota maji katikati ya bonde la Kongo, ambayo watafiti waliichora kwenye ramani mwaka 2017 wakakadiria kwamba inashikilia tani bilioni 30 za kaboni. Tope likifunuliwa na kupigwa na hewa, akiba hiyo huanza kurejea angani.

Mwaka 2013 ulianzishwa mradi wa Mikoko Pamoja wa kulinda kaboni ya msitu wa Gazi. Wakazi wa Gazi na kijiji jirani cha Makongeni wanalinda hekta 117 na kuuza hati za kaboni, na mapato yameleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Lakini hati haiuzwi kwa maneno, miti lazima ipimwe, na hapo pia pana ufundi. Mti wa kawaida huzungushiwa kanda kwenye kimo cha kifua. Mkoko ukiupima hivyo unaweza kupima mizizi badala ya shina, hivyo kanda hupandishwa hadi juu ya mzizi wa mwisho unaotoka shinani.

Jicho la namna hii si geni pwani. Wakataji wa Lamu walikuwa na jina la mti kwa kila unene: fito, pau, boriti, nguzo. Upana wa chumba katika nyumba za kale za mji ule ulifuata urefu wa boriti, na majahazi yalizipeleka Uarabuni hadi Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo ya nje mwaka 1982. Marufuku huzuia jahazi. Mtu wa kijijini anayetaka kuezeka au kupika bado anahitaji mti, na panga lake liko mlangoni.

Wa Gazi wamelijibu hilo kwa kupanda mvinje nchi kavu. Ni mti unaokua haraka, unaofaa kwa kujengea na kwa kuni. Anayetazama juujuu ataona shamba la miti lisilohusiana na bahari, lakini linafanya kazi ambayo doria haiwezi. Mlinzi asiye na mti wa kumpa jirani yake atakesha akimfukuza, na mwishowe atachoka yeye kwanza. Aliyepanda mvinje amekwisha kumsoma jirani kama alivyoyasoma maji: anahitaji nini, na ataelekea wapi asipokipata.