Mtaa si barabara, nyumba si banda: Maneno ya sheria za ujenzi yafafanuliwe

WAHENGA walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika sheria za mipango ya miji, asiyejua maana huvunjiwa nyumba.

Hebu tuanzie Magogoni, si ile ya Dar es Salaam yenye Ikulu, bali ya Kisauni, Mombasa. Kisauni wapo wengi waliojenga juu ya ardhi isiyo yao: nyumba yangu, kiwanja cha mwenyewe. Mtu kama huyo akipewa ilani na kaunti kwamba amejenga kinyume cha mpango, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inampa siku 14 tu za kukata rufaa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Itabidi atafute mtu wa kumfasiria, na hapo ndipo balaa huanzia.

Neno la kwanza ni 'structure'. Wafasiri wengi hukimbilia 'muundo'. Lakini muundo ni jinsi kitu kilivyopangwa. Ndiyo maana twasema muundo wa sentensi au muundo wa serikali. Hakuna anayelala ndani ya muundo, wala tingatinga haliwezi kuubomoa.

'Jengo' linafaa zaidi, ila sheria hulipanua kuliko tunavyolitumia sisi. Sheria iliyotangulia, ya 1996, ilihesabu kuwa jengo kitu chochote kilichosimamishwa, kiwe cha kudumu, cha muda au cha kuhamishika, kimekamilika au hakijakamilika. Kwa maana hiyo, kibanda cha mama wa viazi karai ni jengo. Kipenu cha makuti ni jengo. Kuta zilizoachwa bila paa tangu mwaka juzi, nazo ni jengo! Mwenye kibanda akisikia 'majengo' hudhani hayamhusu.

Neno la pili ni 'street'. Kamusi humpa msomaji njia, barabara na mtaa, kana kwamba yote ni mamoja. Kwa mtu wa Mombasa, mtaa ni mahali watu wanapoishi, nyumba na majirani pamoja. Tanzania, mtaa ni ngazi ya utawala mijini, yenye mwenyekiti wake. Na huko huko watu husema Mtaa wa Samora wakimaanisha barabara. Mwambie mkazi wa Magogoni asijenge ndani ya mtaa, atakuuliza, "Sasa nijenge wapi, baharini?" Ilhali Kiswahili kina ngazi zake wazi: barabara ya magari, njia, na kichochoro cha mtu na mkokoteni.

Na baraza je, ni sehemu ya nyumba au ya njia? Mpimaji aweza kuona limeingilia njia. Mwenyewe aona ni sebule yake ya jioni. Sheria ndogo isiyolitaja baraza humwachia afisa aamue apendavyo.

Sisi wa magazeti na vyuo nasi tujikosoe. Twaandika 'mtaa wa mabanda' hata pale penye nyumba za mawe na saruji. Banda ni la mbuzi na kuku. Ukishaiita nyumba ya mtu banda, kazi ya tingatinga umekwisha kuianza.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mombasa, kitovu cha Kiswahili, haina sababu ya kubaki nyuma.

Mipango ya kaunti ni jukumu la kaunti. Basi kila sheria ndogo ianze na faharasa ya Kiswahili: neno moja, maana moja, na upana wa kila aina ya njia kwa mita. Wanalugha wakae meza moja na wapimaji ardhi na wazee wa mitaa. Na ilani iandikwe kwa Kiswahili ambacho mwenye nyumba atakisoma mwenyewe, kabla siku zake 14 hazijaisha.