Kutegemeza Njia za Mtandao juu ya Lebo

Mtu wa Kapsoya, mjini Eldoret, akifungua ukurasa uliohifadhiwa Ulaya, paketi zake aghalabu hushuka Nairobi hadi Mombasa, zilikofikia nchi kavu nyaya za bahari za TEAMS na SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Na katika mwendo huo wa nchi kavu umo ufundi ambao, madhali hauonekani, haupewi heshima unayostahili.

Tuchukue mfano wa mtandao mkuu wenye ruta Eldoret na Mombasa. Ruta ya Eldoret hupokea kwa itifaki ya BGP mamia ya maelfu ya njia za dunia, wala njia hizo hazitajiwi waya wa kutokea, bali anwani tu ya ruta ya Mombasa, tuseme 10.255.0.9. Sharti basi itafute jinsi anwani hiyo yenyewe inavyofikiwa. Ikiwapo njia ya MPLS, iliyotandazwa kwa itifaki ya LDP, paketi hubandikwa lebo, nambari ya biti 20, nazo ruta za katikati huisoma na kuibadilisha pasipo kuhitaji kuzijua njia za dunia hata moja.

Katika mitambo ya Juniper, njia za lebo hukaa katika jedwali la inet.3, na za kawaida katika inet.0, BGP huyatazama yote mawili, na LDP, yenye daraja 9, huitangulia OSPF, itifaki ya kupanga njia za ndani ya mtandao, yenye daraja 10, kwani daraja dogo ndilo hupendelewa.

Hapo ndipo penye hatari. Fundi akiongeza kiungo kipya kupitia Nakuru, akawasha OSPF na kusahau LDP, nacho kiungo hicho kikawa ndicho kifupi, njia ya lebo, ambayo LDP huitandaza kwa kufuata njia fupi ya OSPF, hutoweka, na BGP huangukia inet.0 kimyakimya. Ping kwenda 10.255.0.9 hujibiwa, na kikao cha BGP husimama imara. Lakini paketi za wateja hutoka bila lebo, zikafika kwa ruta ya Nakuru isiyozijua njia za dunia, zikatupwa.

Dawa ni mbili: kulinganisha LDP na OSPF, kama ilivyoelezwa katika RFC 5443 ya mwaka 2009, ili kiungo kisicho na LDP kipewe gharama ya juu kabisa, au kuiamuru BGP itegemee inet.3 peke yake, hata njia isiyo na lebo ifichwe. Hii ya pili naiona bora zaidi palipo na njia ya akiba, kwani njia iliyofichwa hutafutiwa badala mara moja, ilhali ile inayoonekana hai nayo imekufa humnyima mteja huduma, na humnyima fundi dalili ya ubovu.